Kiwanja chenye majina matatu

Mtu akizaliwa hupewa jina, nalo humfuata mpaka kaburini. Lakini katika mji wa Kinshasa kuna kiwanja cha mpira ambacho kimepewa majina matatu, moja baada ya lingine. Jina la kwanza lilikuwa la mfalme. La pili lilikuwa la siku kuu ya chama. La tatu ni la mwalimu. Mwenye kujua sababu ya majina hayo anajua sehemu kubwa ya historia ya Kongo.

Kiwanja hicho kiko katika commune ya Kalamu, karibu na Matonge, mahali penye maduka, muziki na watu wengi toka asubuhi mpaka usiku. Hakikujengwa porini, mbali na watu. Nyumba zimekizunguka pande zote. Goli likiingia, hata mama anayepika nyuma ya nyumba yake anajua, kwa kuwa anasikia kelele za watu.

Jina la kwanza

Raphaël de la Kethulle alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890. Alikuwa padri wa shirika la Scheut. Mwaka 1917 alifika Kinshasa, mji ambao Wabelgiji waliuita Léopoldville. Kazi yake ilikuwa shule. Lakini mtoto hakai darasani siku nzima. Kengele ya mwisho ikilia, atakwenda wapi? Atafanya nini? Padri Raphaël aliwapa vijana michezo. Akaanzisha skauti, akakusanya timu, akatafuta mahali pa kuchezea. Mwaka 1936 alianzisha timu ya Daring. Leo timu hiyo inaitwa Motema Pembe, na maana yake katika Kilingala ni moyo mweupe. Watu wakamwita padri huyo Tata Raphaël. Tata katika Kilingala ni baba.

Mji ulikua upesi, na kiwanja kilichojengwa kwanza hakikutosha tena. Tata Raphaël akashughulikia kingine kikubwa zaidi. Kilifunguliwa mwaka 1952, kikaitwa Stade Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme kijana wa Ubelgiji. Tata Raphaël mwenyewe alikufa mwaka 1956.

Siku hizo Wazungu walikaa katika sehemu yao ya mji, na Wakongo katika sehemu yao. Wakongo hawakuwa na ruhusa ya kukutana wapendavyo na kusema mambo ya utawala. Lakini kiwanjani maelfu yao walikaa pamoja, bega kwa bega, na kupaza sauti moja. Ndiyo maana mambo makubwa yalianzia hapo.

Mwezi wa Juni 1957, timu ya Union Saint-Gilloise ilitoka Bruxelles ikaja kucheza na Wakongo. Mwamuzi alikuwa Mbelgiji. Alikataa magoli ya Wakongo, na watazamaji wakaona wameonewa. Mchezo ulipokwisha, hasira ilitoka pamoja nao milangoni. Magari ya Wazungu yalipigwa mawe, na watu wengi waliumia. Mpira ulikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba watu walikuwa wamechoka kuhukumiwa na wengine katika nchi yao wenyewe.

Tarehe 4 Januari 1959, siku ya Dominika, utawala ulizuia mkutano wa chama cha Abako. Watu waliokuja mkutanoni walikasirika. Saa zile zile mchezo ulikwisha kiwanjani, na maelfu ya watazamaji wakaingia njiani, wakachanganyika nao. Fujo ikaenea mjini. Askari walipiga risasi, na Wakongo wengi walikufa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru. Mpaka leo tarehe 4 Januari ni siku ya kuwakumbuka wafia uhuru.

Jina la pili

Tarehe 20 Mei 1967 Rais Mobutu alianzisha chama chake, MPR. Jina la mfalme likaondolewa kiwanjani, na kiwanja kikaitwa Stade du 20 Mai. Baadaye, mwaka 1971, hata nchi ilibadilishwa jina, ikaitwa Zaire.

Mwezi wa Desemba 1973 ulikuwa mwezi wa furaha. Tarehe 9, Zaire iliishinda Morocco magoli 3 kwa 0 katika kiwanja hicho. Kwa ushindi ule ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kwenda kucheza Kombe la Dunia. Siku saba tu zikapita. Tarehe 16, Vita Club ilipambana na Asante Kotoko ya Ghana. Katika mchezo wa kwanza, kule Kumasi, Vita ilikuwa imeshindwa magoli 4 kwa 2. Wengi walidhani kombe limekwenda. Lakini kwao Kinshasa Vita ilipata magoli 3, na Kotoko haikupata hata moja. Hesabuni wenyewe: 2 na 3 ni 5. Vita ikashinda 5 kwa 4, ikawa bingwa wa Afrika.

Mwaka uliofuata mchezo mwingine ulikuja: mchezo wa ngumi. Wamarekani wawili weusi walipambana katikati ya kiwanja tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman, bingwa wa dunia, alikuwa na miaka 25 na nguvu za kutisha. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Walianza saa kumi za usiku, ili watu wa Marekani wawaone katika televisheni wakati wa jioni kwao. Watazamaji wapata 60,000 walikesha. Ali hakushindana kwa nguvu. Aliegemea kamba, akajikinga kwa mikono, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Katika raundi ya nane Ali akampiga, na bingwa akaanguka. Akili na uvumilivu viliishinda nguvu.

Jina la tatu

Mwaka 1994 kiwanja kipya, kikubwa zaidi, kilifunguliwa Kinshasa. Leo kinaitwa Stade des Martyrs. Michezo mikubwa ya mataifa ikahamia huko, na kiwanja cha zamani kikaanza kuchakaa. Mwaka 1997 utawala wa Mobutu ulianguka, nchi ikarudia jina la Kongo, na kiwanja cha Kalamu kikapata jina jipya: Stade Tata Raphaël. Hivyo mfalme alipita, chama kikapita, lakini mwalimu alikumbukwa. Mwaka 2023 kiwanja kilitengenezwa tena kwa ajili ya michezo ya nchi zenye kutumia Kifaransa.

Siku ya mchezo

Siku ya mchezo, njia za Kalamu hujaa mapema. Wafuasi wa Vita huvaa kijani na nyeusi, na wale wa Motema Pembe kijani na nyeupe. Wauzaji huita: maji baridi! karanga! Ngoma na tarumbeta hulia. Mgeni hupita mlangoni kwa zamu, hupanda ngazi za simenti, na mara uwanja wote unafunguka chini yake. Sehemu kubwa ya ngazi haina paa, basi jua na mvua ni za wote. Tajiri na maskini husimama pamoja goli linapoingia, na mtu humkumbatia jirani asiyemjua hata jina.

Lakini furaha hiyo ina mlinzi wake, naye ni adabu. Tarehe 11 Mei 2014 Vita ilicheza hapo na Mazembe ya Lubumbashi. Vita ilikuwa inashindwa. Watazamaji wengine wakakasirika, wakatupa mawe. Polisi wakatupa moshi wa kutoa machozi. Watu wakakimbilia milango wote pamoja, wakasukumana na kukanyagana. Watu 15 walikufa. Walitoka nyumbani kutazama mpira, na jioni hawakurudi.

Mwenye kwenda kiwanjani akumbuke jambo hilo. Akiingia, atazame kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Asiachane na wenzake. Asisukume. Asitupe kitu chochote, kwa maana jiwe moja huvuta jiwe la pili. Na timu yake ikishindwa, akubali, hata kama roho inamuuma. Mchezo mwingine utakuja, bali mtu aliyekufa harudi.

Tata Raphaël aliwapa vijana mpira ili waishi vizuri pamoja. Jina lake limeandikwa kiwanjani. Lakini jina peke yake halilindi watu. Wanaoketi juu ya zile ngazi ndio wanaolitunza au kulitia aibu.

Maulizo

1. Kiwanja hiki kiliitwa namna gani mwaka 1952? Kwa nini?
2. Kwa nini watazamaji walikasirika mwezi wa Juni 1957?
3. Vita ilipata magoli mangapi Kumasi, na mangapi Kinshasa?
4. Muhammad Ali alimshinda Foreman kwa njia gani?
5. Andika mambo matatu ambayo mtazamaji mwenye adabu hafanyi kiwanjani.