Ngoma kwa Diski: Masharti ya Kubadili Breki za Nyuma

Dereva atokaye Singida Mjini kuelekea Igunga na Nzega hana budi, akiisha kupita Misigiri, kuuteremka Mlima Sekenke kabla ya kuwasili Shelui. Na katika mteremko ule, ambao malori yaendayo Rwanda na Burundi huushuka polepole kwa gia nzito, ndipo hudhihirika tofauti baina ya breki zilizo njema na zile zilizosifiwa kwenye barabara tambarare za mjini. Si ajabu basi kwamba wenye magari madogo, ambao wamekwisha kuisikia harufu ya viatu vya breki vikiungua, huwauliza mafundi wao kama yamkini kuziondoa ngoma zilizo katika magurudumu ya nyuma na kutia diski zilizofunguliwa kutoka gari jingine lililokwisha kufa. Jawabu ni kwamba yamkini. Walakini kazi hiyo ina masharti yake, na asiyekuwa tayari kuyatimiza yote ni afadhali abaki na ngoma zake.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani. Gari lishukapo kimo cha mita 100 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozaliwa ni takriban mara nne ya lile linalopatikana gari hilo hilo linaposimamishwa kabisa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Katika breki za ngoma, viatu viwili hutanuka kutoka ndani na kukandamiza ukuta wa chuma unaovizunguka, hivyo joto hubaki humo kama mvuke ndani ya sufuria lililofunikwa. Na kadiri ngoma inavyopata moto hutanuka na kujitenga na viatu, hata dereva akaona kanyagio linazama na gari halitii. Diski, kwa upande wake, huzunguka peupe ikipigwa na upepo, nazo pedi zinazoibana kutoka pande mbili huikaribia zaidi inapovimba kwa joto. Kadhalika hukauka upesi baada ya kupita majini, na fundi huweza kuutazama unene wa pedi pasipo kufungua mambo mengi.

Ajabu ni kwamba aina zote mbili ni za umri mmoja, kwa kuwa mwaka 1902 ndio ambao Mfaransa Louis Renault aliunda breki ya ngoma, na ndio ambao Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Ngoma ilitawala nusu karne, mpaka gari la Jaguar lenye diski za Dunlop liliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, na miaka miwili baadaye Citroën DS ikauzwa kwa watu wote ikiwa na diski mbele. Na kwamba hata leo viwanda vingali vikitia ngoma nyuma ya magari madogo si uchoyo mtupu: gari linapofungwa breki uzito wake huegemea mbele, hivyo magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, ilhali ya nyuma, yakiwa yamepunguziwa uzito, huhitaji nguvu ndogo tu. Kwa hiyo atazamiaye kwamba diski za nyuma zitaufupisha sana umbali wa kusimama atasikitika. Faida yake halisi ni ustahimilivu katika mteremko mrefu na wepesi wa matengenezo.

Sharti la kwanza ni kutafuta gari la nasaba moja. Corolla nyingi za miaka ya 1990, mathalan, zilitoka kiwandani zikiwa na ngoma nyuma, lakini ndugu zao Levin na Trueno zenye injini ya 4A-GE zilipewa diski. Mnunuzi wa spea za mtumba asichukue kalipa na diski peke yake, bali vyote vinavyofuatana: habu, breketi za kushikia kalipa, waya za breki ya mkono, na vali igawayo msukumo wa mafuta baina ya mbele na nyuma. Breketi ya kubuni, iliyokatwa kwa moto na kuchomelewa gereji, ni hatari ambayo bei ndogo haiwezi kuihalalisha.

Sharti la pili ni kutambua kipi cha mtumba kinafaa na kipi sharti kiwe kipya. Chuma cha kalipa hufaa iwapo pistoni haina kutu; diski hufaa ikiwa haijapungua chini ya unene wa mwisho ambao aghalabu huandikwa juu yake. Mipira ya kalipa, mipira ya kupitishia mafuta na pedi vinunuliwe vipya, na mafuta ya breki yamwagwe yote. Mafuta hayo hufyonza unyevu kadiri yanavyozeeka: DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikinyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hata 140, na mafuta yakichemka kanyagio hushuka mpaka sakafuni.

Sharti la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni uwiano. Mzunguko wa ngoma hukivuta kiatu na kujiongezea nguvu wenyewe. Diski haina msaada huo, hivyo hudai msukumo mkubwa zaidi, na pistoni zake huhitaji mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda. Vali ya zamani na masta silinda ya zamani zikiachwa bila kupimwa, huenda breki za nyuma zikawa dhaifu kuliko zilivyokuwa. Na zikizidi nguvu, magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya yale ya mbele, na gari litageuka ubavu barabarani. Breki ya mkono nayo isisahauliwe, kwa maana kalipa nyingine zina mkono wake ndani, na nyingine hutegemea ngoma ndogo iliyofichwa katikati ya diski. Bila mojawapo gari halitasimama salama mlimani.

Kazi ikiisha na upepo ukiisha kutolewa katika mabomba, gari lijaribiwe kwanza mahali tambarare pasipo watu, lifungwe breki kwa nguvu huku mtu wa pili akitazama kutoka kando ni magurudumu yapi yanayojifunga kwanza; kisha mwenye gari aiarifu kampuni yake ya bima juu ya mabadiliko hayo. Na ikiwa gharama ya kuyatimiza masharti haya inampita, ngoma zilizosafishwa vumbi, zikakerezwa kwa kipimo na kutiwa viatu vipya, pamoja na dereva ashukaye Sekenke kwa gia ileile ambayo angeipandia, zitamfikisha Shelui kwa salama kuliko diski zilizofungwa nusunusu.