Nywila ya msimamizi haifai kuandikwa ndani ya skripti

MSIMAMIZI wa mitambo katika shirika lenye mamia ya tarakilishi hawezi kuketi mbele ya kila moja ili kuweka programu mpya. Badala yake, huandika skripti, yaani faili yenye amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, kwa sababu za kiusalama, wafanyakazi wengi hupewa akaunti zenye mamlaka finyu. Skripti inayoendeshwa kwa akaunti ya aina hiyo hukataliwa inapojaribu kubadilisha faili za mfumo. Aidha, PowerShell, programu ambayo Microsoft ilizindua mwaka wa 2006, haikubali faili za skripti kwenye tarakilishi za kawaida za Windows hadi kanuni yake ilegezwe.

Kanuni hiyo si kufuli. Microsoft hueleza kwamba lengo lake ni kumzuia mtumiaji asiendeshe skripti kimakosa. Anayekusudia kuikwepa anaweza kuchapa amri hizo mwenyewe. Kinga halisi ni mamlaka ya akaunti.

Hapo ndipo baadhi ya wasimamizi huteleza, wakaandika nywila yao ndani ya skripti ili kazi ipite. Yeyote anayeweza kuifungua faili hiyo huipata nywila.

Hata Microsoft ilikumbwa na tatizo kama hilo. Huduma yake ya Group Policy, inayosambaza kanuni kwa tarakilishi za shirika, iliruhusu nywila kuhifadhiwa kwa maandishi ya siri katika faili ambazo kila mtumiaji wa mtandao wa shirika angeweza kuzisoma. Ufunguo wa kuyafumbua maandishi hayo ulikuwa umechapishwa na kampuni hiyo. Mnamo Mei 2014, ilitoa marekebisho ya kuzuia nywila mpya kuwekwa hivyo, lakini zilizokuwapo hazikufutwa. Wasimamizi walilazimika kuzisaka na kuziondoa wenyewe.

Njia salama ipo. Skripti iliyopangiwa kuanza mtumiaji anapoingia hutumia mamlaka ya mtumiaji huyo. Ile inayoanza tarakilishi inapowashwa huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo, bila kuhitaji nywila ya mtu yeyote. Kazi za usimamizi zinafaa kuwekwa katika kundi hili la pili.

Sharti moja halina budi kuzingatiwa: faili ihifadhiwe mahali ambapo wafanyakazi hawawezi kuibadilisha. La sivyo, mwenye nia mbaya ataongeza amri zake, na mashine itazitii kwa mamlaka kamili.