Ngoma za Tarakilishi: Njia za Sauti na Tatizo la Uchelewaji

Makala haya yananuia kufafanua jinsi sauti inavyosafiri ndani ya programu ya ngoma za tarakilishi, na kwa nini safari hiyo aghalabu humvurugia mpigaji mdundo. Mfano unaotumiwa ni Superior Drummer 3, iliyotolewa na kampuni ya Toontrack ya Uswidi mwaka wa 2017, ijapokuwa mengi yatakayoelezwa yanazihusu pia programu nyingine za aina hii.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba programu hii haibuni mlio. Hutoa milio ya ngoma halisi zilizorekodiwa studioni, kila ngoma ikiwa imepigwa mara nyingi kwa nguvu mbalimbali. Mpigaji anapogonga kibodi, tarakimu kati ya 1 na 127 hutumwa kuonyesha nguvu ya pigo, na programu huchagua rekodi inayoafikiana nayo. Ndiposa maktaba yake nzima ikazidi gigabaiti 230.

Tatizo kuu ni uchelewaji. Tarakilishi haitoi sauti chembe moja moja. Huzikusanya katika akiba ndogo, kisha kuzimwaga kwa pamoja. Akiba ya sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban milisekunde 23. Muda huo waonekana si kitu, lakini ndio ule ule ambao sauti huhitaji kusafiri mita 8 hewani. Ni kana kwamba mpigaji anagonga hapa na ngoma inalia ng'ambo ya ukumbi! Mara nyingi hulaumiwa kuwa hajui mwendo, ilhali hatia ni ya mashine. Akiba ikipunguzwa hadi sampuli 128, uchelewaji wake hushuka hadi milisekunde 3 hivi. Hata hivyo, prosesa hulazimika kukimbia zaidi, na isipomudu, sauti hukatikakatika. Kwa hivyo akiba hupunguzwa wakati wa kupiga na kuongezwa wakati wa kuchanganya sauti, maadam wakati huo hakuna anayesubiri kusikia pigo lake.

Mwenye tarakilishi duni anaweza pia kupakia rekodi za biti 16 badala ya 24, na hivyo kuokoa thuluthi moja ya kumbukumbu. Aidha, ngoma isiyopigwa katika wimbo haina haja ya kupakiwa.

Kuhusu njia za sauti, programu kwa kawaida hutoa ngoma zote kupitia mkondo mmoja. Anayetaka kuirekebisha ngoma kubwa bila kuigusa ndogo sharti azitenganishe, kila moja na mkondo wake. Hapa ndipo wengi hukwama: mkondo hufunguliwa upande wa programu ya ngoma pekee, na ule wa programu ya kurekodia ukasahauliwa. Matokeo yake ni kimya.

Utenganisho huo, hata hivyo, si kamili. Kipaza sauti cha ngoma moja hunasa pia mlio wa jirani yake, kama vile kile cha chapuo kinavyonasa msondo. Mvujo huo waweza kuzimwa na kumbukumbu ikaokolewa, ila ngoma husikika kavu, kana kwamba kila moja ilipigwa katika chumba chake.

Anayetaka msondo wenyewe anaweza kuurekodi na kuuingiza katika programu hii, mradi aupige kwa nguvu tofauti tofauti. Akiingiza rekodi moja tu, kila pigo litafanana na lililotangulia.