NGUO ZA KUMKINGA MPANDA BAISKELI WAKATI WA KIPUPWE

Hombolo iko katika nyanda za juu za kati, kiasi cha kilometa 40 kutoka mjini Dodoma, mahali penye kimo cha zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo lipo bwawa kubwa lililojengwa mwaka 1957. Watu wengi wa sehemu hizi husafiri kwa baiskeli. Wengine huchukua samaki kutoka bwawani, wengine hupeleka mtama na zabibu sokoni, na watoto wengine huenda shuleni.

Tuseme kwamba asubuhi moja ya mwezi wa Julai, kaka na mdogo wake wa kike wanaondoka nyumbani saa 12 alfajiri kwenda shuleni. Baiskeli ni moja. Kaka anaendesha, na mdogo wake ameketi nyuma, juu ya karia. Nyumbani kuna koti moja zito na sweta moja jepesi. Mama amempa kaka lile koti zito, kwa kuwa ndiye anayekaa mbele na kupigwa na upepo. Mdogo amevaa sweta jepesi. Mikono ya wote wawili haina kitu.

Baada ya kupanda kilima cha kwanza, kaka anatoka jasho mpaka fulana yake inalowa. Mdogo wake anatetemeka. Sasa wanateremka upande wa pili. Mbele yao ng'ombe wanavuka njia. Kaka anataka kushika breki, lakini vidole vimekufa ganzi na havikunjiki upesi. Baiskeli inasimama hatua chache tu kabla ya kumgonga ndama.

Je, nguo ziligawanywa vizuri? Kwa nini aliyevaa koti zito alilowa, na aliyekaa bila kufanya kazi alitetemeka? Katika somo hili tutatafuta majibu.

1. Kwa nini asubuhi za kipupwe ni za baridi?

Mchana ardhi hupokea joto kutoka kwenye jua. Usiku ardhi hupoteza joto hilo kwa kulirudisha angani. Mawingu yakiwapo, huzuia sehemu ya joto lisipotee, kama vile blanketi linavyomfunika mtu aliyelala. Lakini katika miezi ya Juni, Julai na Agosti anga la Dodoma huwa jeupe, na hewa huwa kavu. Kwa hiyo joto hupotea usiku kucha. Mwezi wa Julai hali ya joto mjini Dodoma hushuka alfajiri, kwa wastani, hadi kiasi cha nyuzi 13 au 14 za Sentigredi. Mchana hupanda hadi kiasi cha nyuzi 26.

Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku wenye utulivu hewa hiyo huteremka na kukaa mabondeni. Ndiyo maana mpanda baiskeli anayeteremka bondeni alfajiri huhisi baridi ikizidi ghafula.

Ziko sehemu za Tanzania zenye baridi kali zaidi. Katika uwanda wa Kitulo, huko kusini, sakitu huanguka juu ya majani wakati wa kipupwe. Hata hivyo, hewa ya nyuzi 13 yatosha kumdhuru mtu aliyelowa na anayepigwa na upepo.

2. Upepo wa mwendo

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la kiasi cha nyuzi 37. Hewa inayogusa ngozi hupashwa joto na mwili. Ukisimama mahali penye utulivu, hewa hiyo yenye joto hubaki karibu na ngozi na kukukinga. Upepo ukivuma, huiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine ya baridi. Mwili hulazimika kuipasha joto hewa hiyo mpya, nayo pia huondolewa. Hivyo joto la mwili hupotea upesi.

Mpanda baiskeli hujitengenezea upepo kwa mwendo wake mwenyewe. Fikiri mtu anayekwenda kilometa 15 kwa saa. Hata kama hewa imetulia, yeye hupigwa na upepo wa kilometa 15 kwa saa. Upepo ukimkabili kwa kilometa 10 kwa saa, jumla ni kilometa 25 kwa saa. Upepo huohuo ukimpuliza kutoka nyuma, hubaki kilometa 5 tu kwa saa. Kwa sababu hiyo safari ya kwenda yaweza kuwa ya baridi kali, na ya kurudi kwa njia ileile ikawa ya joto.

Katika nchi za baridi jambo hili hupimwa kwa makini. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilianza kutumia jedwali jipya linaloonyesha nguvu ya upepo katika kupoza ngozi. Kwa mujibu wa jedwali hilo, hewa ya nyuzi 0 yenye upepo wa kilometa 20 kwa saa huipoza ngozi kama hewa tulivu iliyo nyuzi 5 chini ya sifuri.

3. Nguo haitengenezi joto

Watu husema, "Sweta hili lina joto." Kwa kweli sweta halina joto lake lenyewe. Ukilitundika ukutani usiku kucha, asubuhi litakuwa na ubaridi sawa na ukuta. Joto hutoka mwilini mwako, katika chakula ulichokula. Kazi ya nguo ni kuzuia joto hilo lisipotee upesi.

Nguo huzuia joto kwa msaada wa hewa. Hewa iliyotulia ni kipitishi hafifu sana cha joto. Nyuzi za sufu zimejikunjakunja, na katikati yake mna nafasi nyingi ndogo zilizojaa hewa. Hewa hiyo haiwezi kusogea kwa urahisi, hivyo joto hupita polepole. Fulana mbili nyembamba zilizovaliwa pamoja huweza kukinga baridi kuliko shati moja zito, kwa kuwa kati ya fulana hizo kuna tabaka jingine la hewa.

Chuma, kinyume chake, ni kipitishi kizuri cha joto. Gusa usukani wa baiskeli alfajiri mahali palipo chuma kitupu, kisha gusa mpini wa jembe. Usukani utauhisi kuwa baridi zaidi, ingawa vitu vyote viwili vililala mahali pamoja na vina hali moja ya joto. Chuma huchukua joto la mkono wako upesi, mti hulichukua polepole. Sasa unajua sababu moja iliyofanya vidole vya yule kaka vife ganzi.

JARIBIO

Vifaa: makopo manne yaliyo sawa, vipande vitatu vya sweta kuukuu, karatasi za gazeti, kamba, maji ya moto, vifuniko vinne vya boksi, na kipimajoto.

Utaratibu:
(a) Kopo A liache bila kitu.
(b) Kopo B lizungushie kipande kikavu cha sweta.
(c) Kopo C lizungushie kipande cha sweta kilicholoweshwa majini na kukamuliwa.
(d) Kopo D lizungushie kipande kikavu cha sweta, kisha juu yake zungusha gazeti na kulifunga kwa kamba.
(e) Mwombe mwalimu atie maji ya moto katika makopo yote, kwa kiasi kilicho sawa. Yafunike.
(f) Yapange makopo nje, mahali penye upepo. Pima hali ya joto ya maji mwanzoni, kisha baada ya dakika 5, 10 na 15. Andika vipimo katika jedwali.

Utaona kwamba maji ya kopo D hukaa na joto muda mrefu zaidi. Gazeti halina joto, lakini huzuia upepo usiingie katika nafasi za sweta na kuiondoa hewa iliyomo. Utaona pia kwamba maji ya kopo C hupoa upesi, ingawa kopo hilo limevalishwa sweta kama kopo B. Kwa nini?

4. Hatari ya jasho

Nguo ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa katikati ya nyuzi. Maji hupitisha joto kwa urahisi kuliko hewa. Tena maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka kwenye kitu kilicho karibu. Lowesha mgongo wa mkono mmoja, kisha ipulizie mikono yote miwili. Mkono uliolowa utauhisi kuwa baridi zaidi.

Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Mtu anapokanyaga pedeli, karibu robo tatu ya nguvu itumiwayo na misuli hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo anayepanda kilima kwa baiskeli huhitaji nguo chache. Akivaa koti zito, hutoka jasho. Anapoteremka, misuli hupumzika, upepo huongezeka, na fulana iliyolowa humpoza vibaya.

Sasa tumepata jibu la swali letu. Mama alikuwa na hoja ya kweli, kwa sababu anayekaa mbele hupigwa na upepo zaidi. Lakini yule wa mbele alikuwa akitengeneza joto kwa miguu yake. Aliyeketi nyuma hakuwa na kazi, na misuli yake ilitoa joto dogo tu. Ingefaa mdogo avae lile koti zito, na kaka avae sweta jepesi pamoja na kitu cha kuzuia upepo kifuani. Kitu hicho chaweza kuwa gazeti kavu lililowekwa kati ya fulana na sweta. Hata waendesha baiskeli mashuhuri wa mashindano ya Tour de France, nchini Ufaransa, walitia magazeti kifuani walipofika kileleni, kabla ya kuteremka milima.

5. Namna ya kuchagua na kuvaa nguo

Si lazima nguo iwe mpya au ya bei kubwa. Unapochagua sweta au koti, nyumbani au mnadani, chunguza mambo haya:
(a) Inua nguo kwenye mwanga. Ukiona matundu mengi, ujue kwamba upepo utapita.
(b) Weka kitambaa mdomoni na upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, nguo hiyo yafaa kuvaliwa ndani, si nje.
(c) Finya sweta mkononi, kisha uliachie. Likirudi na kufura, lina nafasi nyingi za hewa.
(d) Soma kipande kilichoshonwa ndani ya shingo. Sufu hukinga baridi hata ikiwa na unyevu kidogo. Pamba hunywa maji mengi na hukawia kukauka.
(e) Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine ifue na kuipiga pasi kabla ya kuivaa.

Vaa kwa matabaka. Tabaka la ndani liwe fulana kavu. La kati liwe sweta. La nje liwe koti jepesi lisilopitisha upepo. Unapoanza safari yafaa uhisi baridi kidogo, kwa kuwa baada ya muda mfupi misuli itakupasha joto. Kabla ya kupanda kilima kirefu fungua vifungo. Kabla ya kuteremka vifunge tena.

Usisahau vidole. Vidole ni vyembamba na hupoteza joto upesi. Tena mwili ukiona baridi hupunguza damu iendayo mikononi, ili kulinda moyo na viungo vingine vya ndani. Vaa glovu. Kama huna, chukua soksi kuukuu na uzitoboe mahali pa kidole gumba. Kabla ya kuondoka shika breki mara kadhaa. Kama soksi zateleza, usizitumie. Viatu na soksi za miguuni visibane sana, kwa maana nguo ibanayo huzuia damu na huondoa hewa.

Mgolole, kanga na skafu hukinga baridi vizuri, lakini ncha zake zaweza kunaswa na mnyororo au spoku na kumwangusha mpandaji. Zifunge vizuri, na mtu wa nyuma akalie ncha zake. Mwezi wa Julai jua huchomoza Dodoma karibu na saa 12:45. Anayetoka kabla ya hapo avae juu nguo nyeupe au ya rangi ing'aayo, ili aonekane na wenye magari.

6. Msaada kwa aliyepatwa na baridi

Mtu akitetemeka sana, akiishiwa nguvu ya vidole, au akianza kusema kwa shida, simamisheni safari. Mpelekeni mahali pasipo na upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa nguo kavu, na mpeni uji au chai ya moto. Asiweke mikono karibu sana na moto, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi huweza kuungua bila ya yeye kuhisi. Akiwa amelegea au amesinzia, msimpe kitu cha kunywa. Mpelekeni upesi kwenye kituo cha afya.

MAZOEZI

1. Kwa nini usiku wenye mawingu huwa na joto kuliko usiku usio na mawingu?
2. Mpanda baiskeli anakwenda kilometa 12 kwa saa. Upepo unamkabili kwa kilometa 8 kwa saa. Mwili wake unapigwa na upepo wa kilometa ngapi kwa saa? Je, akigeuka na kurudi kwa mwendo uleule?
3. "Sweta lina joto." Eleza kosa lililomo katika maneno haya.
4. Katika jaribio, kopo B na kopo C yote yalivalishwa sweta. Kwa nini hayakupoa sawasawa?
5. Mvuvi wa Hombolo anapakia samaki na kupanda kilima kirefu alfajiri. Mshauri avae nini anapopanda, na avae nini anapoteremka. Toa sababu.
6. Chunguza nguo tatu za nyumbani kwenu kwa kuzipuliza na kuziinua kwenye mwanga. Andika ipi yafaa kuvaliwa ndani, ipi katikati na ipi nje.