Kwa nini krenki ya baiskeli ya milimani huvunjika bila kuaga

MWENDESHA baiskeli ya milimani anayevunjikiwa krenki katikati ya mteremko kwa kawaida huwa na maelezo yale yale: hakugonga kitu, hakuruka kutoka mahali pa juu, alikuwa akipita mahali anapopita kila siku. Mara nyingi husema kweli. Krenki ile ilikuwa imekwisha kukatika kwa sehemu kubwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, na yeye alikuwa akiendelea kusimama juu ya kipande chembamba kilichobaki.

Krenki ni mkono wa chuma, aluminiamu au nyuzi za kaboni unaounganisha pedali na ekseli ya katikati ya baiskeli. Urefu wake kwa mtu mzima ni kati ya milimita 165 na 175, ingawa katika miaka ya karibuni baadhi ya waendeshaji wa milimani wamehamia kwenye mikono mifupi zaidi ili pedali zisigonge mawe. Nguvu yote ya mguu hupita hapo. Mnyororo ukikatika, mguu huzunguka bure na dereva aghalabu hujiwahi. Mkono wa krenki ukikatika wakati dereva amesimama juu ya pedali, mguu hushuka ghafla hadi ardhini, uzito wote huegemea upande mmoja, na usukani hugeuka kabla mikono haijapata nafasi ya kuuzuia.

Jambo hili si la nadharia. Mwaka 1997 kampuni ya Shimano, ikishirikiana na tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani, ilitangaza kuzirudisha na kuzibadilisha krenki zaidi ya milioni 1 zilizofungwa katika baiskeli za milimani za katikati ya miaka ya 1990. Wakati huo kulikuwa na taarifa zaidi ya 630 za krenki kuvunjika, na watu 22 walikuwa wameumia, baadhi yao wakivunjika mifupa. Zile hazikuwa krenki za mashindano. Zilikuwa za baiskeli za bei ya kawaida, za aina ambayo baba humnunulia kijana wake.

Ili kuelewa kinachotokea ndani ya aluminiamu, inafaa kurudi nyuma hadi kwenye reli. Mei 8, mwaka 1842, ekseli ya injini ya treni ilivunjika karibu na Versailles nchini Ufaransa, na watu zaidi ya 50 walipoteza maisha katika moto uliofuata. Wahandisi wa zama hizo walishangaa kwamba ekseli zilizobeba mizigo yao kwa miaka bila tatizo lolote zilikatika siku moja kwa mzigo ule ule. Jibu lilikuja kutokana na kazi ya mhandisi wa Kijerumani, August Wöhler, ambaye katika miaka ya 1850 na 1860 alizungusha ekseli mitamboni mara maelfu kwa maelfu na kuandika ni lini kila moja ilikatika. Alibaini kuwa chuma hakihitaji mzigo mkubwa mmoja ili kivunjike. Mzigo mdogo zaidi, ukirudiwa mara za kutosha, hufanya kazi hiyo hiyo. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali.

Krenki ni mteja mzuri wa uchovu huo. Mtu anayekanyaga pedali mizunguko 60 kwa dakika huupa kila mkono misukumo 3,600 kwa saa. Akiendesha saa tano kwa wiki, kwa mwaka misukumo hiyo hufika 936,000. Misukumo mingi ni mepesi na haina madhara makubwa. Inayokula maisha ya krenki ni ile michache mizito: kupanda kilima dereva akiwa amesimama, kutua baada ya kuruka, kupiga pedali kwenye mwamba. Kadiri nguvu inavyoongezeka, idadi ya mara ambazo kifaa kinaweza kuistahimili hupungua kwa kasi kubwa kuliko ongezeko lenyewe. Kwa sababu hiyo dereva wawili wanaweza kununua krenki za aina moja siku moja, na ya mmoja ikadumu miaka 15 wakati ya mwenzake haimalizi misimu miwili.

Hapa ndipo chuma na aluminiamu hutofautiana. Chuma cha feleji kina kiwango cha mzigo ambacho, iwapo hakivukwi, hakichoki hata kikirudiwa mara milioni nyingi. Aluminiamu haina kiwango cha namna hiyo. Kila msukumo wenye uzito huhesabiwa, na hesabu hiyo haifutwi kwa kupumzisha baiskeli. Wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wanalijua tokeo lake kwa macho, japo si wengi wanaolipa jina. Baiskeli nzito za kubebea mizigo, zenye krenki za chuma zilizofungwa kwa pini inayogongelewa kwa nyundo, hubeba magunia ya mkaa na kreti za soda kwa miaka. Pini hulegea, mkono hupinda, fundi huunyoosha kando ya barabara na safari huendelea. Aluminiamu haimpi fundi nafasi hiyo. Haipendi kupinda, na ikinyooshwa baada ya kupinda huwa imeanzishiwa ufa.

Nyufa nazo hazianzii popote tu. Mahali pa kwanza ni kwenye tundu la pedali. Ekseli ya pedali huingia kwa hesi yenye kipenyo cha inchi tisa kwa kumi na sita, yaani kama milimita 14, na bega lake hukaa juu ya uso wa krenki. Hata ikikazwa vizuri, bega hilo huchezacheza kwa kiasi kisichoonekana kila mguu unapokanyaga, na kuukwaruza uso wa aluminiamu. Mikwaruzo hiyo ndiyo mbegu ya ufa. Mhandisi wa Kimarekani Jobst Brandt, mwandishi wa kitabu mashuhuri kuhusu gurudumu la baiskeli, aliyefariki mwaka 2015, alilishughulikia tatizo hili kwa miaka mingi baada ya kujionea mwenyewe krenki zikikatika. Alipendekeza bega la pedali lichongwe kwa umbo la pia, kama nati za magurudumu ya gari, ili likae bila kucheza. Viwanda havikuufuata ushauri huo, pengine kwa sababu kila pedali duniani ingebidi ibadilishwe. Kilichopatikana ni kidogo zaidi: washa nyembamba ya chuma, ambayo watengenezaji wengi wa krenki za kaboni huitaka iwekwe kati ya pedali na mkono, na katika baadhi ya krenki za mteremko, kichaka cha chuma kilichopachikwa ndani ya tundu.

Mahali pa pili ni upande wa kulia, pale mkono unapokutana na matawi yanayoshika gurudumu la meno. Pembe kali katika makutano hayo hukusanya mkazo, na krenki nyingi za zamani zilipasuka hapo. Mahali pa tatu ni kwenye ekseli yenyewe. Krenki za mtindo wa zamani zina tundu la mraba linalokaa juu ya ekseli ya chuma. Bolti ikilegea kidogo na dereva akaendelea kukanyaga, chuma kigumu huichonga aluminiamu laini mpaka tundu linakuwa la duara, na baada ya hapo hakuna spana itakayoukaza tena mkono huo.

Lakini kwa nini mafundi hukuta mkono wa kushoto umelegea mara nyingi kuliko wa kulia? Sababu ni njia inayopitwa na nguvu. Mkono wa kulia umeshikamana na gurudumu la meno moja kwa moja, hivyo msukumo wake huenda kwenye mnyororo bila kuzunguka. Msukumo wa mguu wa kushoto hauna njia ila kuisokota ekseli nzima hadi upande wa pili. Kiungo kinachoshika mkono wa kushoto hubeba msokoto huo kila mzunguko.

Kwenye mteremko hali huwa mbaya zaidi, nayo ni tofauti ambayo waendeshaji wa barabarani hawaijui. Dereva wa milimani anaposhuka hasukumi pedali. Husimama juu yake, mkono mmoja wa krenki ukielekea mbele na mwingine nyuma, sambamba na ardhi. Akitua kutoka juu ya mwamba, mguu wa mbele huisokota ekseli upande mmoja na wa nyuma huisokota upande wa pili kwa wakati mmoja. Mnyororo haupokei chochote. Msokoto wote hubaki ndani ya ekseli na viungo vyake. Dereva wa kilo 80 aliyesimama tu kwa utulivu juu ya pedali mbili huipa ekseli msokoto wa kama mita-newtoni 70. Akitua kwa kishindo, uzito huo huzidishwa mara kadhaa.

Viwango vya kimataifa vya usalama wa baiskeli vimelitambua jambo hilo. Katika kipimo cha uchovu, krenki za baiskeli za milimani husukumwa mitamboni kwa nguvu ya newtoni 1,800, sawa na uzito wa kilo 183 hivi, mara maelfu kwa maelfu. Hupimwa katika pembe mbili: moja inayoiga kukanyaga, nyingine inayoiga dereva aliyesimama akishuka. Krenki za baiskeli za mjini hupimwa kwa nguvu pungufu. Hata hivyo kufaulu kipimo si ahadi ya umri. Mtambo hausafiri na mchanga, maji ya matope wala jasho lenye chumvi.

Maendeleo ya miongo miwili iliyopita yamesaidia sana. Mwaka 2003 Shimano ilileta krenki za milimani zenye ekseli pana ya milimita 24 iliyo tupu ndani, na watengenezaji wengine wakaenda hadi milimita 30. Bomba pana hustahimili msokoto kuliko fimbo nyembamba ya uzito ule ule, na matundu ya mraba yakatoweka taratibu katika baiskeli za bei ya juu. Kwenye tundu la pedali, kinyume chake, fizikia ni ile ile ya miaka 40 iliyopita.

Tena kila ufumbuzi huleta udhaifu wake. Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa krenki zake za aluminiamu zilizotengenezwa kwa kuunganisha vipande viwili kwa gundi, zote zikiwa zimetengenezwa kabla ya Julai 2019. Nchini Marekani pekee zilihusika krenki zipatazo 680,000. Taarifa za kuachana zilikuwa 4,519 na majeruhi sita. Hizo zilikuwa za baiskeli za barabarani, lakini somo lake linamhusu yeyote anayetafuta wepesi. Mkono ulio tupu ndani hufichia ufa wake ndani, na kinachoonekana nje ni rangi nzuri tu. Kwa maoni ya haki, gramu 100 zinazookolewa kwenye krenki ni biashara mbaya kwa mtu ambaye starehe yake ni kushuka juu ya mawe.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, suala kubwa zaidi ni mtumba. Baiskeli ya milimani iliyotumika hufika bila historia. Fremu iliyokwaruzwa huonekana, matairi yaliyokwisha huonekana, lakini idadi ya mitutuo ambayo krenki imeipokea mikononi mwa mtu wa kwanza haijaandikwa popote. Kinachosomeka ni namba iliyogongwa nyuma ya mkono. Krenki zilizorudishwa mwaka 1997 zilikuwa za aina tatu: FC-CT90, FC-M290 na FC-MC12. Anayeikuta mojawapo kwenye baiskeli ya zamani anayotaka kuinunua hana haja ya kuikagua. Aing'oe na kufunga nyingine.

Kwa krenki nyingine, ukaguzi unahitaji kitambaa, taa kali na subira. Mkono husafishwa mpaka mafuta na vumbi viishe, pedali hufunguliwa, kisha kucha hupitishwa kuzunguka tundu la pedali, nyuma ya matawi na karibu na ekseli. Mkwaruzo wa jiwe huwa mpana na huishia ghafla. Ufa huwa mstari mwembamba mweusi, na mara nyingi hupita kukata urefu wa mkono. Mlio wa kukwaruza unaosikika kila mguu ule ule unapokanyaga usipuuzwe pia, ingawa wakati mwingine ni pedali kavu tu.

Bolti nazo zina kipimo. Zile mbili zinazobana mkono wa kushoto wa krenki za Shimano zenye ekseli tupu hukazwa kwa mita-newtoni 12 hadi 14, zikikazwa kwa zamu, kidogo kidogo. Bolti ya krenki za tundu la mraba huhitaji takriban mara tatu ya kiwango hicho. Zote hurudiwa baada ya safari chache za kwanza. Spana ya kupimia nguvu si kitu cha kawaida kwenye sanduku la fundi wa kona, na wengi hukaza kwa uzoefu wa mkono. Uzoefu huo, uliofunzwa na baiskeli za chuma, aghalabu hukosea kwa kuzidisha kwenye bolti ndogo na kwa kupunguza kwenye kubwa.

Krenki inapokatika hatimaye, kipande chenyewe hueleza kilichotokea. Sehemu moja ya mvunjiko huwa laini na nyeusi kwa uchafu, yenye mistari iliyopinda kama alama za maji yanayokupwa ufukweni. Huo ndio ufa wa zamani uliokuwa ukisogea safari baada ya safari. Sehemu ya pili huwa na chembechembe zinazong'aa. Hiyo ndiyo iliyokatika siku ya ajali, na mara nyingi haizidi theluthi ya unene wa mkono.