Gari la Umeme na Mfuko wa Mfanyakazi

Tarehe 30 Septemba 2025, nafuu ya kodi iliyofikia dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari jipya la umeme ilikoma nchini Marekani. Aliyeumia ni mfanyakazi, tajiri hakuihitaji. Sasa yampasa mfanyakazi huyo apime kwa makini.

Kati ya SUV za mwaka huo, Chevrolet Equinox EV ya bei ya chini iliuzwa karibu dola 35,000, nayo kwa chaji moja huenda kilometa 513. Hyundai Kona Electric ya betri ndogo ilikaribiana nayo sana kwa bei, ila hukomea kilometa 322. Hizo zatosha kwendea kazini, lakini baridi kali hupunguza mwendo wa kila betri, na baridi ya Chicago si mchezo. Tena mpangaji asiye na pa kuchajia nyumbani hana budi kutegemea vituo vya barabarani, ambako aghalabu umeme ni ghali zaidi. Huyo asiharakie kutia sahihi.