Je, Wajua? Jedwali Moja, Mipangilio Miwili

Je, wajua kwamba Fortran, lugha ya programu iliyotolewa na IBM mwaka 1957, na C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupanga jedwali lilelile kwa njia tofauti kwenye kumbukumbu ya kompyuta? Chukua jedwali lenye 1, 2, 3 juu na 4, 5, 6 chini. C huliweka mstari kwa mstari: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Fortran hushuka wima: 1, 4, 2, 5, 3, 6. Likitoka C bila kupangwa upya, Fortran italisoma 1, 3, 5 juu na 2, 4, 6 chini. Kibaya zaidi, mara nyingi hakuna onyo: hesabu huendelea na jibu la uongo hutoka. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, hukuruhusu kuchagua mpangilio kwa herufi moja tu, C au F.